Sajini aliyeketi juu ya mtungi

Usiku ule ndugu yangu alikuwa amejibana kwenye ukuta wa bomba la maji la ploti yetu, mtaa wa Umoja, Nairobi, na kisu cha kukatia sukuma wiki amekielekeza shingoni mwake mwenyewe. Alikuwa akizijibu sauti ambazo sisi wengine hatuzisikii. Majirani walijaa kwenye ngazi, tochi za simu zote usoni pake, kila mtu akitoa amri yake. Mmoja akapaza sauti, "Polisi waitwe!" Tumbo lilinikata.

Miaka miwili kabla ya hapo, polisi walimkuta akipiga kelele nje ya duka. Aliambiwa apige magoti. Hakupiga, kwa kuwa sauti zilikuwa zimemwonya kwamba akipiga magoti atakufa. Walimvunja mkono kwa rungu, akalala seli siku mbili bila dawa zake. Kwenye OB, daftari la matukio la kituo, waliandika amekaidi amri. Neno hilo, amekaidi, halijanitoka moyoni hadi leo. Sheria ya Afya ya Akili, tangu ilipotungwa 1989, ilimpa polisi uwezo wa kumchukua mgonjwa aliye hatarini, ikamtaka amfikishe hospitali ndani ya saa 24 au muda unaofaa. Siku mbili sakafuni si muda unaofaa.

Basi walikuja polisi wawili. Kijana aliingia getini bunduki mkononi, akifoka, "Tupa kisu!" Ndugu yangu akakikaza zaidi. Nyuma ya kijana huyo alikuwa sajini wa makamo. Alimgusa mwenzake bega, akamwambia arudi getini na anyamaze. Akawaomba majirani waingie ndani na wazime tochi. Kisha akageuza mtungi wa maji, akaketi juu yake, mbali kiasi cha hatua sita.

"Mimi naitwa afande, lakini wewe niite mzee tu. Umekula leo, mwanangu?"

Ndugu yangu alisema wanamwambia chakula kina sumu. Sajini hakubisha, wala hakujifanya anawasikia. Alisema, "Mimi siwasikii. Lakini naona wamekuchosha sana." Kisha kimya kirefu. Wakaongea kuhusu Gor Mahia, timu ya mpira. Kimya tena. Kila alipotaka kusogea alisema kwanza, "Nasogeza mtungi kidogo, sawa?" Ilichukua karibu saa nzima. Kisu kilipowekwa chini, hakuna aliyemrukia. Hakufungwa pingu, sajini alikaa naye nyuma ya gari hadi Mathari, hospitali ya wagonjwa wa akili.

Pale hospitalini nilimuuliza alifundishwa wapi. "Hakuna mahali, dada. Mama yangu alikuwa hivi."

Nimelifikiria jibu hilo mara nyingi mno. Ndugu yangu yu hai kwa sababu mama wa mtu mwingine aliugua.

Mambo aliyoyafanya yanafundishika. Huko Memphis, Marekani, polisi walimpiga risasi na kumuua kijana aliyekuwa akijikata kwa kisu, 1987. Mwaka uliofuata mji huo ulianza kikosi maalumu pamoja na familia za wagonjwa na vyuo vikuu. Afisa anayejitolea hufundishwa saa 40. Hukaa na wagonjwa wenyewe na kuwasikiliza wakiwa wametulia, kisha huigiza matukio: mtu mmoja tu aongee, sauti iwe ya chini, umbali ulindwe, muda usihesabiwe. Na hospitali hukubali kumpokea mgonjwa upesi, ili afisa asione seli kuwa ndiyo njia rahisi. Saa 40 ni wiki moja ya kazi. Chuo cha polisi cha Kiganjo makurutu hukaa miezi; wiki moja haiwezi kukosekana.

Hapa kwetu Kenya haja ni kubwa zaidi sasa. Hadi Januari 2025, Mahakama Kuu ilipoamua kwamba sehemu ya 226 ya Kanuni ya Adhabu inakiuka Katiba, kujaribu kujiua kulikuwa kosa la jinai. Afisa aliyemkuta mtu na kisu shingoni alikuwa amekuta mshukiwa. Wengi walio barabarani leo walianza kazi chini ya sheria hiyo, na yule kijana wa bunduki simlaumu sana. Alikuwa anatetemeka. Nilimwona.

Wiki iliyopita nilipita kituoni na chapati za kumshukuru sajini. Nikaambiwa amehamishwa, yuko kaunti nyingine. Nikamwachia chapati yule kijana. Nilimwambia jina la ndugu yangu, dawa anazotumia, na kwamba anapenda kuulizwa habari za Gor. Akatoa kalamu, akaandika kwenye kiganja chake.