Sweta Mwezi wa Novemba

Juzi jioni, tukiwa jikoni tunamenya ming'oko, mizizi ya porini, iliyokuwa bado inafuka mvuke, mwanangu wa mwisho alinitazama kwa muda mrefu kisha akauliza: "Mama, mbona mimi nikila narefuka, na wewe ukila unapanuka?" Dada zake walicheka hadi mmoja akapaliwa. Nilijaribu kumjibu kitaalamu nikashindwa, kwa sababu swali lake lilikuwa limekwisha kunirudisha kwenye ghala la korosho, Novemba 2012, nikiwa nimesimama juu ya mizani nimevaa sweta.

Mjomba alikuwa karani wa mizani katika chama cha msingi, chama cha ushirika cha wakulima, cha kijiji kimoja kilicho njia ya kwenda Nanyamba, mkoani Mtwara. Harusi yangu ilikuwa Desemba. Bibi alitaka mwali awekwe ndani, alishwe, anawiri. Mimi nilitaka kuingia katika gauni ambalo fundi wa mjini alikuwa ameshona kwa kufuata kiuno nilichomtajia, si kile nilichokuwa nacho. Kwa hiyo asubuhi nilikula papai, jioni kipande cha samaki wa kuchemsha bila ugali, na Bibi nikamwambia tumbo linanisumbua. Siku ya kwanza Mjomba alinipima kilo 83. Baada ya wiki moja, 79. Nilirudi nyumbani nikitembea kama mtu ambaye korosho zake zote zimepita daraja la kwanza.

Nilikuja kuelewa baadaye kwamba sehemu kubwa ya kilo hizo nne ilikuwa ni kile ambacho wakulima wa kwetu hukiita unyaufu, yaani uzito unaopotea kwa kukauka. Mwili huweka akiba ya wanga kwenye ini na misuli, iitwayo glaikojeni, na kila gramu ya akiba hiyo hushikilia takribani gramu tatu za maji. Akiba ikitumika, maji nayo huondoka, na mizani husoma kupungua ilhali mafuta hayajaguswa sana. Gunia nalo likikaa ghalani hupungua vivyo hivyo bila korosho hata moja kuibwa, ingawa sikushauri umweleze hivyo mkulima aliyekatwa kilo zake.

Kuanzia wiki ya tatu nilianza kusikia baridi. Asiyeijua Mtwara hataelewa maana ya maneno hayo: Novemba ni mwezi ambao kuku wanakimbilia kivuli cha mwembe kabla ya saa nne asubuhi. Mimi nilivaa sweta la shule la mdogo wangu, la kijani, lenye mifuko miwili iliyolegea, na bado vidole vilikuwa vya baridi. Usiku niliota ugali wa muhogo.

Siku ya kupimwa, wiki ya tano, ghala lilikuwa limejaa vumbi la magunia na harufu ile ya korosho ghafi ambayo huganda kooni. Wakulima sita au saba walikuwa wakisubiri zamu zao. Mjomba alinionyesha bamba la chuma kwa kidevu, nikapanda, naye akaanza kusogeza jiwe kwenye rula taratibu, kwa ncha ya kidole, kama anavyofanya kwa gunia la mtu mgomvi. Kisha akasimama. Hakutazama rula, alitazama mfuko wa sweta.

"Mpwa wangu," akasema, kwa sauti ile ile anayowaambia wanaochanganya kokoto kwenye magunia, "toa kwanza vilivyomo."

Nilitia mkono mfukoni nikatoa kifurushi cha karatasi ya daftari kilicholowa mafuta. Ndani yake mlikuwa na korosho za kuchoma, konzi moja. Mzee mmoja alipiga kofi gunia lake na kucheka hadi akakaa chini. Mjomba alichukua kifurushi, akakiweka kando juu ya kitabu cha stakabadhi, akaitazama rula tena. Haikutikisika. Kilo 78, pamoja na korosho au bila korosho.

Huwa ninapenda kusimulia habari hii kwa njia inayonipa heshima. Mwaka 1994 Jeffrey Friedman na wenzake, katika Chuo Kikuu cha Rockefeller, New York, waligundua jeni ya homoni iliyokuja kuitwa leptini, ambayo hutengenezwa na mafuta yenyewe na kuupelekea ubongo taarifa za akiba. Akiba ikipungua, leptini hushuka, na ubongo hufanya kama mama mwenye nyumba aliyeona ghala linakwisha: njaa huongezwa, moto hupunguzwa. Mwaka 1945, wanaume 36 waliojitolea kulishwa nusu njaa kwa takribani miezi sita huko Minnesota, Marekani, walisikia baridi hata wakati wa joto, kama mimi. Sweta langu, basi, lilikuwa ushahidi kwamba mwili ulikuwa unapigana nami.

Lakini mfuko wa sweta hilo hilo ulikuwa na ushahidi mwingine. Gramu 60 za korosho, ambazo mizani ya rula haiwezi hata kuzihisi, zina zaidi ya kilokalori 300, na sikuwa nikizihesabu, kama ambavyo sikuhesabu za jana yake wala za juzi yake. Ni kilo ngapi zilizuiwa na ubongo wangu na ni ngapi zilizopita mfukoni, sijapata kujua, na kila ninaposimulia hugundua kwamba nimeupa ubongo sehemu kubwa kidogo kuliko mara iliyopita. Fundi alifumua mishono akaongeza vidole viwili kila upande. Bibi alifurahi.

Mwanangu alisikiliza yote hayo, leptini na Minnesota, bila kuacha kutafuna. Nilipomaliza aliuliza jambo moja tu: kama Mjomba alinirudishia zile korosho.

Alizila yeye.