Kumbukumbu ya mradi: tangi la matumbawe la lita 200 Lubumbashi, awamu ya vifo

Hali ya tangi leo: chumvi 35 kwa elfu, joto 25.5, amonia sifuri, nitrati 5, fosfati 0.05, alkali (uwezo wa maji kuzuia pH isishuke) 8.2 dKH. Samaki wote wanakula. Konokono wamekwisha, kamba msafishaji amekutwa asubuhi amelala ubavu, na anemoni amejikunja tangu juzi.

Ukisoma namba hizo peke yake utasema tangi ni zima. Ndiyo maana katika tangi jipya tunaanza na maiti kabla ya chupa za vipimo: nani amekufa, nani bado anatembea. Konokono na kamba wakianguka huku samaki wakigombea chakula, tafuta metali, dawa ya wadudu au mshtuko wa chumvi. Samaki wakifa huku konokono wakipanda kioo bila shida, mara nyingi ni vimelea. Wote wakihema pamoja alfajiri, ni oksijeni au amonia. Kusoma mpangilio huo kunaokoa siku za kubahatisha ambazo mnyama hana.

Konokono aliyeanguka mgeuze kwa kidole na uangalie mguu. Mzima hujivuta ndani na kufunga kifuniko chake. Aliyepata sumu hubaki na mguu umening'inia nje, laini, na ukimgusa hajibu. Akishaanza kunuka mtoe papo hapo, maana konokono mmoja mkubwa akiozea kwenye lita 200 anatosha kupandisha amonia na kukuchanganyia ushahidi wote.

Katika mji huu mshukiwa wa kwanza ni shaba. Maji safi ya bahari kwa kawaida yana chini ya mikrogramu 1 ya shaba kwa lita, na wanyama wasio na uti wa mgongo huanza kuumia ikifika makumi ya mikrogramu. Vipimo vingi vya matone havioni kiasi kidogo hivyo, kwa hiyo kipimo kikionyesha sifuri usimfutie shaba mashtaka. Angalia vyanzo vyenyewe. Malakaiti, lile jiwe la kijani linalochongwa na kuuzwa hapa kama pambo, ni kaboneti ya shaba: zuri mezani, marufuku ndani ya maji. Mawe yaliyookotwa karibu na machimbo nayo yasiingie hata kama yanafanana na mwamba wa bahari, kwani shaba na kobalti hutembea pamoja katika madini ya Katanga. Halafu kuna robine (bomba la kufungulia maji), vali na viungio vya laitoni, yaani shaba iliyochanganywa na zinki.

Hapa kipimo cha TDS, yaani jumla ya vitu vilivyoyeyuka majini, ndicho kilichoonyesha njia. Maji yanapotoka kwenye kichujio cha osmosi na resini (chembe zinazonasa madini yaliyoyeyuka) yalisoma 0. Ndani ya pipa la kujazia yalisoma 3. Kati ya sehemu hizo mbili kuna bomba la plastiki na kiungio kimoja cha laitoni, na kiungio kilipofunguliwa kilikuwa na ukoko wa kijani upande wa ndani. Watu wengi hupima TDS mdomoni mwa kichujio tu, wakati maji yaliyosafishwa mpaka sifuri yana njaa: huyeyusha metali haraka kuliko maji ya robine, ambayo tayari yamebeba chokaa. Kila kitu kinachogusa maji baada ya resini kiwe plastiki au silikoni.

Kilichofanyika: kiungio kimetolewa na kuwekwa cha plastiki, pipa limemwagwa. Maji ya tangi yanabadilishwa asilimia 30 mara tatu, kila mara lita 60 zenye chumvi ya akwariamu karibu kilo 2.2, zilizokorogwa na pampu usiku mzima na kufikishwa joto lilelile la tangi. Hesabu yake ni kwamba mara tatu hizo hubakiza karibu asilimia 34 ya kilichokuwemo. Kilichobaki kinashikwa na resini maalumu ya metali nzito iliyowekwa penye mkondo. Makaa amilifu yanasaidia kidogo tu kwa shaba, hivyo usiyategemee peke yake. Pia mchanga na mawe ya chokaa hunywa shaba na kuirudisha polepole, kwa hiyo resini haitolewi mara tu anemoni akifunguka.

Kabla ya kuishikilia shaba, mengine yafuatayo yaliondolewa, na kwenye tangi lako yanaweza kuwa ndiyo yenyewe.

Dawa ya mbu. Nyingi zina pairethroidi, ambazo huua kamba na kaa kwa kiasi kidogo mno. Pampu ya hewa iliyo chumbani inavuta mvuke na kuupuliza moja kwa moja majini. Kamba wanaanza kurukaruka na kupindika saa chache baada ya kupuliza. Hapa hakuna dawa iliyopulizwa.

Mwani wa dino (dinoflajelati, viumbe wa seli moja). Ukiona nyuzi za kamasi ya kahawia zenye viputo, zinazopungua usiku na kurudi mchana taa zikiwaka, baadhi ya aina zake zina sumu inayoua konokono wanaozila. Huja hasa pale nitrati na fosfati zote zimeshuka sifuri. Usikimbilie kusafisha zaidi. Ongeza chakula mpaka nitrati ifike 5 na fosfati 0.05.

Njaa. Tangi jipya lenye mawe makavu halina mwani wa kulisha konokono wengi. Hao hufa mmoja mmoja, kwa wiki, wala si kwa mkupuo.

Chumvi. Refraktomita, kifaa cha kupimia chumvi, iliyorekebishwa kwa maji matupu tu inaweza kudanganya. Tengeneza kioevu cha kuirekebishia: gramu 36.5 za chumvi ya jikoni ndani ya gramu 963.5 za maji yasiyo na madini; lazima isome 35. Msimu wa kiangazi, Mei mpaka Septemba, hewa ya Lubumbashi ni kavu na maji hupungua haraka. Lita 10 zikikauka bila kujazwa, 35 inakuwa karibu 36.8. Jazia maji matupu, kamwe si ya chumvi.

Nitriti iliachwa kabisa. Katika maji ya bahari kloridi huizuia isiingie mwilini mwa samaki kwa urahisi, na kuihangaikia ni kupoteza muda.

Samaki hawajaguswa awamu hii, lakini tangi la karantini linabaki tayari: lita 40, vipande vya bomba la plastiki vya kujifichia, bila jiwe na bila mchanga, kwa kuwa hivyo vingekunywa dawa. Nukta nyeupe kama chembe za chumvi, zinazopotea na kurudi, ni kimelea Cryptocaryon. Vumbi laini la dhahabu, samaki akikwepa taa na kuhemea kwenye mkondo wa pampu, ni Amyloodinium, na huyo anaua kwa siku chache, mara nyingine kabla vumbi halijaonekana. Amphiprion (samaki wa anemoni) anayetoka ute mzito mweupe, mshuku kimelea Brooklynella. Dawa yake ni bafu la formalini, shaba haimponyi. Hao wawili wa kwanza hutibiwa kwa shaba, ndani ya karantini tu, ukipima kila siku. Soma chupa vizuri: shaba ya ioni hutumika karibu miligramu 0.15 hadi 0.2 kwa lita, ilhali ile iliyofungwa kwenye molekuli nyingine hutumika takriban mara kumi ya hapo, na kuchanganya viwango hivyo ni kuua. Tangi kubwa hukaa bila samaki wiki 6 kwa Amyloodinium. Kwa Cryptocaryon desturi ni siku 76.

Samaki waliofika kwa ndege kutoka pwani ya Kenya wamekaa ndani ya mfuko muda mrefu. Usianze kuwadondoshea maji ya tangi kwa saa mbili. Mfuko ukifunguliwa, kaboni dioksidi inatoka, pH inapanda, na amonia iliyokuwa imelala inageuka sumu. Acha mfuko uelee ukiwa umefungwa dakika 15 kwa ajili ya joto, kisha ufungue, pima chumvi yake haraka, uwe umeshaandaa karantini yenye chumvi hiyohiyo, na hamisha samaki bila maji yao. Konokono wao ni kinyume, wanahitaji kudondoshewa taratibu.

Oksijeni haisamehe hapa. Mji uko mita kama 1,200 juu ya bahari: kwenye joto la 25, maji ya bahari pwani hushika karibu miligramu 6.7 za oksijeni kwa lita, kwetu kama 5.8. Kuranti (umeme) ikikatika usiku, kinachotangulia kuua ni maji kutulia, hata Juni na Julai penye baridi kali. Pampu ya wimbi ya volti 12 na wati 10, kwenye betri ya saa-ampea 100 inayotumiwa nusu tu, inakwenda zaidi ya siku mbili. Hita na taa zisubiri. Blanketi kuzunguka kioo linatosha kwa saa nyingi. Kichujio cha chupa, kile kilichofungwa nje ya tangi, kilichozima usiku kucha kifunguliwe na kusuuzwa kabla ya kuwashwa, la sivyo kinatema uozo wote ndani.

Kinachofuata: ndoo mbili za lita 5, zote mpya na za plastiki, kila moja na jiwe la hewa. Moja ina maji ya tangi, nyingine maji ya chumvi mapya. Konokono mmoja kila ndoo, saa 48. Wa ndoo ya tangi akikaa kifuniko wazi bila kujibu, maji yanabadilishwa tena na resini inawekwa mpya. Wote wawili wakipanda ukuta, konokono wanarudi, wawili kwanza, na kamba baada ya wiki mbili.