Nilitupa mboga nikidhani ni gugu

Leo nimempalilia shangazi mihogo yake huku Muheza. Mchunga wote nikang'oa, nikaurundika njiani. Shangazi alipofika akainama, akaanza kuuokota jani moja moja. "Mwanangu, umetupa mboga!"

Shambani ni gugu sugu kweli. Una maua ya njano, ni ukoo mmoja na alizeti, na mizizi yake hutambaa chini. Kikibaki kipande tu, kinachipua tena. Ukivunja jani, utomvu mweupe kama maziwa unakugandia vidoleni.

Tukauchemsha, tukamwaga maji ya kwanza, tukaunga kwa nyanya na tui zito. Uchungu haukuisha wote, na hapo ndipo utamu wake ulipo. Nimekula na ugali, nikaongeza. Shangazi nimemwomba radhi. Kesho napalilia upande wa pili, kikapu mkononi.