Haya gani ile?

Siku ya sita leo na bado naisikia. "Haya." Neno moja tu, na mimi ndo usingizi umeniruka.

Mnakumbuka nilisema namtengenezea Bamkubwa kipochi cha ngozi cha kuwekea miwani, baada ya ile operesheni ya mtoto wa jicho. Jumapili nikapanda boti ya asubuhi nikampelekea. Shikamoo, marahaba, kahawa, kashata, ndo nikakitoa kwenye begi. Akakipokea kwa mikono miwili, akakigeuza, akapitisha ukucha wa dole gumba kwenye mshono taratibu kama anahesabu, akakinusa (kweli, alikinusa), akauliza, "Matundu umetoboa na nini?" Nikamwambia na leza Bamkubwa, unachora kwenye kompyuta halafu mwanga unakata. Akasema, "Haya." Akakiweka mezani karibu na chupa ya chai, akaanza kuuliza habari za Salum aliyeko Muscat, eti joto huko likoje.

Sasa haya gani ile? Maana ipo haya ya nimeelewa, ipo ya hongera, halafu ipo ile unayompa mtoto akikwambia akikua atakuwa rubani. Na anayeisema ni mtu aliyeshona makubadhi pale Ng'ambo, Unguja, kuanzia mimi sijazaliwa mpaka macho yalipomgomea.

Kinachoniuma ni kwamba aliuliza matundu tu na mimi nikajibu matundu tu! Sikumwambia kushona nimeshona mwenyewe. Leza imekata umbo na kutoboa vitundu vya milimita moja, kila baada ya milimita nne, basi, na hata hapo haikuwa kubonyeza kitufe ukakae. Ngozi yenyewe ilibidi nitafute iliyolainishwa kwa magome ya miwati, maana ile ya kromu ukiichoma moshi wake ni sumu, na leksini, ile ngozi bandia ya plastiki, ndo kabisa usiisogeze kwenye mashine, inatoa gesi yenye klorini, inakula mapafu na chuma. Nikabandika masking tepu juu ili isibabuke. Karakana nzima ikanuka kama kichwa cha mbuzi kinababuliwa, kijana wa zamu akafungua madirisha yote bila kuniangalia. Kingo zikatoka nyeusi tii, nikazifuta na kitambaa chenye maji mpaka vidole vikawa kama vya muuza mkaa. Halafu jioni tatu nzima nimekaa kitandani na sindano mbili na uzi mmoja wa nta, mara nne ya urefu wa mshono, huku unaingia huku unatoka, tundu lile lile. Hayo yote nimeyakumbuka niko kwenye boti narudi. Na bado najiuliza labda ukucha wake uliona, maana tundu la leza ni la duara, uzi unalala umenyooka tu, haukai mshazari kama ukitoboa kwa chuma chenye ncha bapa.

Kazini bosi kaacha kazi na tunahamishiwa Tegeta mwisho wa mwezi, mapacha wa dada wametimiza arobaini, mimi nimekaa nawaza haya.

Jana Mamkubwa kapiga kuuliza kama Kariakoo dagaa wameshuka bei. Katikati ya dagaa akasema, "Huyo mzee wako ananipigia kelele tangu asubuhi."

"Kafanyaje tena?"

"Si hicho kipochi. Miwani mpya haiingii."

Moyo paa! Nilipimia miwani ya zamani. Nilijua kabisa wanampa mipya baada ya operesheni na nikapimia ya zamani!

"Anataka afumue pembeni aongeze kipande," akaendelea, "kakata uzi pale, anavuta hautoki, kakata tena, hautoki. Ananuna. Anasema ingekuwa mashine ingeshafumuka zamani."

Nikamwambia arudie. Akarudia, hajui kwanini nataka. Jamani nilicheka peke yangu pale kituoni Mwenge mpaka konda akaniita anti vipi. Si ndo raha ya sindano mbili, ukikata uzi wa upande huu, wa upande wa pili bado umeshika, itabidi uchomoe tundu kwa tundu kama mtu anayetoa miba ya samaki. Kwa hiyo kajua. Kajua kwa kukasirika, lakini kajua.

Nikasema Mamkubwa, mwambie asikifumue, namtengenezea kingine kikubwa, achukue vipimo vya miwani mipya anitumie.

Akasema, "Haya."

Na hii je?

Halafu Salum naye, meseji zote nilizomtumia tangu Jumatano zina tiki moja. Huwa hakai siku mbili bila kutuma picha ya chakula. Labda bando limeisha. Bamkubwa sijamwambia.