Miguu Mitatu Chini ya Mlango

Picha ya kwanza ya dukani niliyoichorea gemu yangu ya kutisha ilinichukua wiki tatu, na ilikuwa nzuri. Nasema hivyo bila haya. Ukumbi mrefu wenye giza, karatasi za ukutani zimebanduka, na kule mwisho kabisa amesimama mwanamke ambaye kichwa chake kimelala begani kupita kiasi. Hadi nyuzi za zulia nilizichora. Kisha nikaipunguza mpaka pikseli 120 kwa 45, nikampa mdogo wangu simu na kumwuliza anaona nini.

"Dada, hii ni tairi?"

Kipimo hicho cha 120 kwa 45 si ukatili wangu. Steam, duka la mtandaoni la gemu za kompyuta, wanakutaka upakie kapsuli ndogo, yaani picha ya kuitambulisha gemu dukani, ya pikseli 462 kwa 174, halafu wao wenyewe wanaipunguza iwe 184 kwa 69 na 120 kwa 45 ili iingie kwenye orodha zao. Mtu anayetafuta gemu ya kutisha saa sita za usiku anakutana na kitu cha ukubwa wa stempu, kimebanwa katikati ya stempu nyingine thelathini. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwa heshima zote, wahenga hawakuwahi kuuza gemu. Huku hata kizuri kinatembezwa, tena kwa stempu.

Nimejiuliza sana kwa nini sisi wa gemu za kutisha tunaumia zaidi ya wenzetu. Jibu la kwanza ni la macho tu: ukurasa wa Steam wenyewe una rangi ya buluu iliyokolea giza, nasi tunapenda giza. Ukiweka picha nyeusi juu ya ukurasa mweusi, kingo zinapotea, na picha inakuwa kama shimo ambalo jicho linaliruka. Jibu la pili lilinichukua muda kulikubali. Ndani ya gemu natisha kwa kusubirisha. Kuna hatua zinazosikika darini, kuna sekunde kumi za kimya, kuna taa inayozimika pale pale ulipoanza kuizoea. Picha ya dukani haina sauti wala haina muda. Nilikuwa nachora tukio la kutisha na kutegemea mtazamaji aje na kimya chake mwenyewe.

Basi nikaacha kuchora kwa siku mbili. Nilipiga skrinshoti ya ukurasa mzima wa gemu za kutisha, nikaitia ukungu mpaka herufi zisisomeke, nikaitazama nikiwa nimeketi mbali. Nyuso zilizoachama. Mikono inayonyooshwa kuelekea kwako. Nyekundu juu ya nyeusi, nyekundu juu ya nyeusi, nyekundu juu ya nyeusi. Herufi zinazochuruzika damu. Ukiitazama moja moja, nyingi zilikuwa kazi safi kuliko yangu. Zikiwa pamoja, zilikuwa kwaya nzima inayoimba noti moja. (Toleo langu la nne lilikuwa uso ulioachama. Meno arobaini na mawili, niliyahesabu. Bado nalipenda, na bado liko kwenye folda.)

Lakini kuonekana peke yake hakutoshi, na hilo nilijifunza kwa aibu. Gemu yangu ya kabla ya hii ilikuwa ya bure, fupi, ya kutembea polepole ndani ya nyumba tupu na kusoma barua. Kwenye picha nikaweka mtu mwenye shoka, kwa sababu mtu mwenye shoka anaonekana hata ukiwa umefumba jicho moja. Watu walibofya kweli kweli. Halafu maoni yakaanza: "Shoka liko wapi?" "Nimemaliza, sijaona shoka." Mmoja aliandika neno moja tu, "Shoka?" Walikuwa na haki. Niliwaahidi kukimbizwa nikawapa barua za kusoma, na wale ambao wangezipenda barua hizo walikuwa wameshaikimbia picha.

Kwa hiyo safari hii, kabla ya kushika kalamu, niliandika sentensi moja kwenye karatasi: katika gemu hii, mchezaji anafanya nini? Jibu: anasimama nje ya milango na kuamua kama ataifungua. Hakuna anayekimbizwa. Hakuna shoka. Ukishaandika hivyo, picha karibu inajichora. Mlango uliofungwa, giza kila mahali, na chini yake ufa wa mwanga wa manjano. Ndani ya ufa huo, vivuli vya miguu ya mtu aliyesimama upande wa pili.

Nilianza na miguu miwili. Ilikuwa sawa tu, ikikuambia kwamba kuna mtu, basi. Nikaongeza wa tatu.

Sijui kama naweza kueleza vizuri tofauti iliyotokea. Miwili unaipita, mitatu unarudi kuihesabu. Na kwa bahati, umbo lenyewe linakubali kubanwa: hata kwenye pikseli 120 linabaki mstari mmoja wa manjano wenye mapengo matatu meusi. Nililigeuza kuwa rangi ya kijivu kupima kama linasimama bila msaada wa rangi, likasimama. Mdogo wangu nilimwonyesha kwa sekunde mbili, nikaficha simu. Akasema, "Taa chini ya mlango." Kisha akanyamaza kidogo. "Hebu rudisha." Hilo "hebu rudisha" ndilo nililokuwa nalitafuta tangu siku ya tairi.

Jina ndilo lililofuata. Gemu iliitwa Usifungue Mlango wa Chumba cha Chini, maneno sita niliyoyapenda kama watoto wangu. Steam wanashauri jina likaribie kujaza kapsuli ndogo yote, na maneno sita yakijaza kitu chenye urefu wa pikseli 45 yanakuwa madogo kama chawa. Nikabaki na Usifungue. Fonti ya kuchuruzika nayo nikaitupa, kwa sababu kila tone la damu lilikuwa linaziba tumbo la herufi, na "g" ilikuwa inasomeka kama "8". Sasa ni herufi nene, wima, zisizo na pambo, rangi ile ile ya mwanga wa ufa.

Niliwahi kutaka kubandika na nukuu ya mchezaji mmoja aliyesema hakulala. Haikubaliki. Tangu Septemba 2022, kapsuli za kawaida za Steam zinaruhusiwa kuwa na mchoro, jina la gemu na jina lake dogo rasmi, basi. Alama za wakaguzi, tuzo na matangazo ya punguzo haviruhusiwi. Nilinung'unika siku moja, kisha nikaona afadhali, maana nukuu ile ingekuwa chawa wengine.

Kuna jambo moja ambalo naona wengi wetu tunalikosea. Gemu yangu ina sura ya PlayStation ya kwanza, poligoni (vipande vya pembepembe vinavyojenga umbo) zinazotetemeka, picha chafu kwa makusudi. Mchoro laini wa rangi za mafuta ungekuwa shoka la pili. Mlango wa kwenye kapsuli ni modeli ile ile iliyomo ndani ya gemu. Niliutoa kama ulivyo, kisha nikachora juu yake mwanga tu.

Kwa itch.io, duka jingine la gemu mtandaoni, mambo yalikuwa mepesi, pikseli 630 kwa 500, na wanaruhusu GIF, yaani picha inayosogea. Nikatengeneza moja ambamo mguu wa katikati unanyanyuka na kushuka. Mara ya kwanza mwili ulinisisimka. Ya pili sikuhisi kitu. Ya tatu ilikuwa kama mtu anayepigapiga mguu akisubiri foleni. Nikarefusha kituo kati ya mnyanyuko mmoja na mwingine hadi sekunde tisa, na wengi hawatauona kabisa. Atakayeuona atadhani macho yake yamemdanganya.

Iliyonitesa mwisho ni ya maktaba ya Steam, pale mchezaji anapoona gemu alizo nazo, 600 kwa 900, iliyosimama wima. Ufa wangu ni wa kulala, na ukiusimamisha kwenye fremu nyembamba unakuwa uzi mdogo chini ya mlango mkubwa usio na la kusema. Nilijaribu kuukata mlango, nikajaribu kuusogeza, wapi. Mwishowe nikaishusha kamera mpaka sakafuni. Ufa ukapanda juu, na vivuli vitatu vikanyooka kushuka mpaka karibu na mtazamaji, jina likakaa chini yake. Kivuli cha katikati ni kirefu kidogo kuliko vingine. Sikukipanga hivyo, mkono uliteleza, nikakiacha.