Fulana ya kuzuia risasi na maji marefu

Wenzangu mnaopanda boti mkiwa na fulana za kuzuia risasi, hili nalisema kwa uchungu: msikubali kupewa jaketi lolote tu la kuelea.

Leo tumefanya zoezi bwawani na vifaa vyote mwilini, mabamba ya kuzuia risasi kifuani na mgongoni, buti, redio. Jaketi la nyutoni 100 (nyutoni ni kipimo cha nguvu ya kuelea) lilimshikilia mwenzangu, ila maji yalikuwa yanampiga mdomoni kila akivuta pumzi. Nyutoni 10 hubeba takriban kilo 1, basi pigeni hesabu wenyewe. Nilipovuta kamba ya lile la nyutoni 275, lililotengenezwa kwa ajili ya watu wenye mizigo kama yetu, mtungi wa gesi ulilijaza papo hapo, likanigeuza chali, uso juu kabisa. Nilipumua vizuri!

Jaketi livaliwe juu ya fulana, kamwe si chini yake. Likijaa huko ndani litakubana kifua. Mikanda ya mapajani ifungwe pia, la sivyo jaketi hupanda hadi masikioni. Na kabla ya kuondoka, shika mtungi kwa mkono uhakikishe umekazwa.