Mizani Niliyompelekea Mjomba

Mwaka 2022, asubuhi ya pili ya arusi ya binti wa jirani yetu, Mkomani, Amu (Lamu), niliamka kabla ya adhana ya alfajiri nikaenda moja kwa moja kwenye mizani. Kwa mwaka mmoja na miezi minne hiyo ndiyo ilikuwa desturi yangu: kwenda haja, kujifunga kanga moja ileile, kupanda, kusoma, kuandika daftarini. Siku iliyotangulia ilikuwa 64.7. Asubuhi ile ikasoma 66.4.

Nilikaa kitako kwenye ngazi, moyo ukinienda mbio. Kilo 1.7 usiku mmoja! Tulikuwa tumekula pilau, wanawake watano sinia moja, na sinia haina hesabu. Nilijaribu kuhesabu matonge yangu, nikapotea kwenye la kumi na mbili, maana aliyekaa kulia kwangu alikuwa akinisogezea nyama, kama ilivyo ada yetu. Mara mbili niliirudisha. Mara ya tatu nikaona uso wake umebadilika, nikaila. Na sasa mizani ilikuwa ikiniambia kwamba ile nyama ndiyo iliyoniponza.

Nikachukua kalamu. Kilo moja ya mafuta ya mwilini ni takriban kalori 7,700. Mara 1.7, ni 13,090. Wali mweupe uliopikwa una kalori kama 130 katika kila gramu 100, kwa hiyo ili kupata mafuta kiasi kile ningepaswa kula kilo kumi za wali, tena juu ya chakula changu cha kawaida cha siku. Sinia letu zima halikufika hata nusu yake, na tulilila watu watano.

Basi kilichoongezeka ni nini? Ni maji kwa sehemu kubwa. Pilau, achari na kachumbari vina chumvi, na mwili huyashika maji hadi figo ziitoe chumvi hiyo kwa siku moja au mbili. Wanga wa wali nao huwekwa akiba kwenye ini na misuli kwa umbo la glikojeni, na kila gramu moja ya akiba hiyo hukaa na kama gramu tatu za maji. Ndiyo maana anayeacha wali na mahamri hupungua haraka wiki ya kwanza akafurahi, kisha akila siku moja tu kilo zikarudi. Mafuta hayajaenda wala kurudi. Ongeza chakula kilichokuwa bado tumboni, na kwa mwanamke ongeza siku zinazotangulia hedhi, ambazo peke yake zinaweza kuleta kilo nzima.

Nikaijaribu na mizani yenyewe. Sakafu ya nyumba yetu ni ya zamani, ina vibonde. Mizani za betri zina miguu minne, na kila mguu hubeba sehemu yake ya uzito. Mmoja ukining'inia, hesabu inaharibika. Pale mlangoni 66.4, hatua mbili kuelekea dirishani 65.6, karibu na kasiki la maji 66.9. Na mimi niliwahi kulia siku nzima kwa ajili ya gramu 300.

Hesabu ya jikoni nayo haikuwa bora. Programu ya simu niliyohesabia kalori ilikuwa na tui la kopo, lenye nambari moja. Sisi tunakuna nazi, tunakamua tui la kwanza zito, tunatia maji tena tunakamua la pili, na kifumbu cha mkono wenye nguvu hakitoi sawa na cha mkono uliochoka. Kijiko kimoja kikubwa cha mafuta kina kalori kama 120. Hamri lililotiwa kwenye karai ambayo haijapata moto vizuri hunywa mafuta mengi kuliko mwenzake, na kwa macho yanafanana. Mizani ya jikoni ilinipimia unga hadi gramu moja, na hapohapo nikikosea kwa mamia ya kalori.

Sikuacha kila kitu siku ile, na sidhani ni busara kufanya hivyo. Nilianza kupima Ijumaa pekee. Baada ya mwezi nikatoa betri. Programu niliifuta baadaye kidogo, na hapo ndipo palipokuwa pagumu, kwa kuwa nambari zilibaki kichwani: nikiona viazi vya karai naona 300. Wiki mbili za kwanza nilikula kupita kiasi usiku, nikadhani nimeshindwa. Kumbe nilikuwa bado naruka chakula cha asubuhi kwa mazoea ya kubana hesabu, na njaa ya mchana kutwa ilikuwa inadai haki yake magharibi. Nilipoanza kula asubuhi, mahamri mawili na mbaazi bakuli zima, usiku ukatulia wenyewe.

Sahani yangu ikawa nusu mboga, mchicha au bamia au bilingani. Samaki kiasi cha kiganja. Wali kiasi cha ngumi. Tui la pili kwa siku za kawaida, la kwanza kwa samaki wa kupaka siku ya Ijumaa. Nikimaliza nasubiri dakika ishirini kabla ya kuongeza, kwa kuwa shibe huchelewa kufika. Jioni maji yakipwa natembea ufukweni hadi Shela, kama dakika arubaini. Kiuno napima kwa futi ya fundi cherehani mara moja kwa mwezi, katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, nikiwa nimetoa pumzi.

Mizani ilikaa kabatini miezi mitatu. Kisha mjomba, ambaye moyo wake umedhoofika, akarudi kutoka kliniki na agizo: ajipime kila asubuhi baada ya haja na kabla ya chai, na akiongezeka zaidi ya kilo mbili ndani ya siku tatu aende hospitali asingoje miguu ivimbe. Kwake, maji ndiyo hasa yanayotafutwa. Nikaitia betri mpya, nikachana kurasa zangu kwenye daftari, nikampelekea vyote viwili mtaani kwake, Langoni.

“Sabalkheri, mjomba.”

Tulitafuta pahali, tukaiweka juu ya ubao mnene uliolazwa sawasawa, nikabonyeza kila pembe kuhakikisha haichezi. Akapanda. 71.2.

“Nivae kanzu au kikoi?” akaniuliza.

“Kikoi, mjomba. Hichohicho kila siku.”

Akatafuta miwani, akaandika kwa penseli.